Msumeno wa nakshi kwa anayerudia useremala Nairobi: upi ununue?

Jina la mpwa wangu lina A tatu. Nilitaka kumkatia kibao cha jina cha kutundika mlangoni, herufi za sentimita tatu kwenye mahogani ya milimita 9, nikafika A ya kwanza nikakwama. Ile pembetatu iliyo ndani ya A haifikiwi kutoka ukingoni. Unatoboa kwanza kwa drili, unapitisha bledi kwenye tundu, unaifunga upya kwenye mashine, ndipo unakata. Bledi za mashine yangu zilikuwa za pini, yaani kila ncha ina kijiti cha chuma kilichokingama kama msalaba, na ili kijiti hicho kipite nilihitaji tundu la karibu milimita 5. Pembetatu yenyewe ilikuwa milimita 4 mahali ilipo pana zaidi.

Mashine hiyo niliinunua mtandaoni, kwa muuzaji ambaye tangazo lake lilitaja kina cha koo cha inchi 16 (umbali kutoka bledi hadi nguzo ya nyuma), wati 120 na mipigo 1,600 ya bledi kwa dakika. Nililinganisha namba hizo na za mashine nyingine mbili, nikaona zinafanana, nikachukua iliyokuwa nafuu. Habari ya pini haikuandikwa popote. Nilipompigia simu alishikilia kwamba bledi ni bledi, na kwamba hawezi kuipokea tena kwa kuwa nimeshaiwasha. Niliiuza kwa hasara. Aliyeichukua nilimweleza wazi kasoro yake, lakini yeye anatengeneza magari ya mbao ya watoto, vipande vikubwa visivyo na matundu madogo, na kwake pini si shida.

Kwa hiyo ninapolinganisha misumeno hii leo, naanza na bledi, kisha mtetemo, kisha stima. Wati na inchi nazisoma mwishoni. Namwandikia mtu aliyeshika randa na patasi shuleni enzi za 8-4-4, mfumo ulioanza mwaka 1985, kisha maisha yakampeleka ofisini au kwenye biashara, na sasa anatamani tena harufu ya mbao. Anaishi Nairobi, pengine kwenye fleti. Karakana hana, ana kona ya balkoni au chumba cha nyuma, na pesa ya mashine moja.

Ni msumeno gani huu

Dukani wanauita skrol-so. Nimesikia pia ukiitwa jigiso ya meza, na jina hilo linapotosha. Jigiso unaishika na kuisukuma juu ya ubao. Bledi yake imeshikwa ncha moja tu, kwa hiyo ni nene, na kwenye kona kali hupinda, ukageuza ubao na kukuta mstari wa chini haulingani na wa juu. Msumeno wa nakshi umetulia mezani. Bledi yake nyembamba imeshikwa juu na chini, imekazwa kama uzi wa zeze, na ubao ndio unaozungushwa. Bledi namba 3 haifiki milimita moja kwa upana, na ukizoea inageuka pale pale ilipo bila kusogea mbele.

Usiutarajie upasue mbao za kitanda. Kazi yake ni herufi, mafumbo ya vipande, mapambo ya ukutani, viunzi vya picha, vidirisha vya matundumatundu, na kuunganisha mbao za rangi mbalimbali kuwa picha moja. Wengi wanaoniuliza wana ndoto ya milango ya Lamu, ule mji wa kale uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001. Nakshi ya milango ile huchongwa kwa patasi na nyundo kwenye uso wa mbao nene. Ukiitamani hiyo, nunua patasi nzuri na jiriwa, pesa ya mashine iweke. Msumeno huu hutoboa ubao kutoka upande huu hadi ule. Hauchongi.

Jambo moja la kuutetea: kati ya mashine zote za mbao, huu ndio unaokubali kuishi na watu. Kelele yake ni ndogo, vumbi lake ni la kufagia, na hauurushi ubao kwa nguvu kama msumeno wa duara. Kidole unaweza kukikata, usije ukadanganyika, lakini una nafasi ya kukiondoa.

Bledi na kibanio chake

Kuna bledi za pini, nyingi za urefu wa inchi 3 au 5, na kuna bledi tupu, zisizo na pini, za inchi 5, yaani milimita 127. Bledi tupu hutengenezwa kwa namba: 2/0, 1, 3, 5, 7, 9, hadi 12. Kadiri namba inavyopanda ndivyo bledi inavyokuwa nene na pana. Namba 3 inapita kwenye tundu la milimita 1.5. Hapo A yangu ingekatika bila taabu, na pia macho ya ndege, mishipa ya majani, na kila kitu kinachofanya nakshi iitwe nakshi.

Bledi za pini zina uzuri wake. Unaning'iniza tu, hakuna kukaza skrubu, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuibadilisha. Ila hupatikana kwa saizi chache, na nyingi ni nene. Mashine inayopokea za pini peke yake mimi siinunui tena, hata nikipewa kwa nusu bei.

Mashine nyingi za inchi 16 hupokea zote mbili, kwa kutumia vibanio vidogo vya ziada vya bledi tupu. Hapa ndipo uulize maswali mawili. Vibanio hivyo vimo kwenye boksi? Na vinakazwa kwa mkono au kwa ufunguo wa elen, ule wa pembe sita? Fikiria kidirisha chenye matundu 40. Kila tundu linataka ufungue bledi juu, uipitishe, uifunge, uikaze. Kwa ufunguo, na vibanio vinavyoponyoka, dakika mbili si nyingi. Matundu 40 ni dakika 80 za kufungua na kufunga tu. Kwa skrubu ya kukaza kwa vidole na wenzo wa mkazo ulio karibu, nusu dakika inatosha, na jumla ni dakika 20. Saa moja nzima ya Jumamosi imo ndani ya skrubu hiyo, na hakuna tangazo linaloitaja.

Upinde wa mkono

Wa kwanza kwenye ulinganisho hauna mota. Ni upinde wa chuma wa umbo la U, mpini chini, bledi imekazwa mdomoni mwake. Masonara huutumia kukatia fedha na shaba. Unapachika kibao chenye mkato wa V ukingoni mwa meza, unaweka ubao juu yake, unakata kwa kuvuta chini.

Bledi zake ni zile zile tupu za inchi 5. Kwa sababu hiyo namshauri kila anayerudi aanze nao, hata kama ana pesa ya mashine mkononi. Dazeni utakazonunua zitahamia kwenye mashine siku ukiipata, na wakati huo mkono wako utakuwa umeshajifunza kwamba bledi nyembamba haisukumwi. Huhitaji stima, hausumbui jirani wa ghorofa ya chini saa nne usiku, na unatosha kwenye droo.

Udhaifu wake ni mnyofu: mkono unachoka, na ukichoka mkato unalala. Plaiwudi ya milimita 3 na 6 unaikata vizuri. Mahogani ya milimita 18 utaikata, lakini kingo zitatoka zimeinama, na kipande cha fumbo kilichoinama kinaingia upande mmoja na kugoma upande wa pili. Na kina cha upinde kinakuwekea mpaka; kwa upinde mfupi huwezi kufika katikati ya ubao mkubwa.

Mashine ndogo ya kubebeka

Mfano wake ni Dremel Moto-Saw. Kina chake cha koo ni inchi 10, na unaweza kuing'oa kwenye meza yake ukaitumia kama msumeno wa mkono wa umeme. Kwa mtu wa bedsita anayekata plaiwudi nyembamba ni wazo zuri. Shida yangu nayo ni mwendo: huanzia mipigo 1,500 kwa dakika na kupanda hadi 2,250. Mbao ngumu na plastiki zinataka mwendo wa taratibu, la sivyo mbao inaungua na plastiki inayeyuka na kujigandisha nyuma ya bledi. Mashine ya inchi 16 inashuka hadi 400. Kwa mtu anayetaka kukata mvule siku moja, hii ndogo ataipita upesi.

Inchi 16 za volti 230

Hapa ndipo pesa za wengi zitakapotua, na sioni aibu kusema ndipo zinapostahili kutua. Scheppach na Einhell, zote za Ujerumani, zina mashine za aina hii, na kuna nyingine nyingi za majina mbalimbali zinazofanana nazo kama mapacha: kina cha koo cha inchi 16 au milimita 406, mota ya wati 120 hivi, mwendo wa kurekebishwa kati ya mipigo 400 na 1,600, meza inayoinama hadi nyuzi 45, kipulizio cha kuondoa vumbi juu ya mstari. Kwa kuwa namba zinalingana, usipoteze usiku kuzilinganisha. Linganisha vibanio.

Kuhusu kina cha koo, watu wengi hununua kikubwa kwa hofu. Ni umbali kutoka bledi hadi nguzo ya nyuma. Chukua karatasi ya A4, milimita 210 kwa 297. Kutoka kona hadi kona inayotazamana nayo ni milimita 364. Maana yake, ubao wa ukubwa wa A4 unauzungusha utakavyo kwenye mashine ya inchi 16, hata ukikata kwenye kona ya mwisho kabisa, na haugusi nyuma. Michoro mingi utaichapisha saiba ya mtaani, na saiba inachapa A4. A3 kutoka kona hadi kona ni milimita 514. Hiyo inaizidi inchi 16, na inaizidi hata inchi 20, ambazo ni milimita 508, kwa upana wa ukucha. Ni inchi 21 pekee inayoimeza nzima. Lakini mara ngapi utakata kona ya A3? Kwa kazi ya katikati ya ubao, inchi 16 zinakupa duara la karibu milimita 800.

Kasoro yake halisi ni mtetemo. Ndani ya mashine hizi mikono miwili mirefu, wa juu na wa chini, hupanda na kushuka kutoka kwenye egemeo la nyuma. Chuma kirefu kinachochezacheza mara 1,600 kwa dakika lazima kitikise kilichokibeba. Mashine yenyewe ni nyepesi, na ukiiweka kwenye meza ya plaiwudi inatembea. Ya kwangu ya sasa, niliyoipata baada ya ile ya pini, nimeifunga kwa bolti kwenye kipande cha mbao nzito, na chini ya kila kona nimeweka mpira wa tairi kuukuu, ule ule wa akala, niliokatiwa Gikomba. Tofauti niliisikia vidoleni siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo mstari wa penseli ulikuwa unacheza machoni kila nilipopita mipigo 1,000. Baada ya hapo nimekata kwa 1,400 na mstari umetulia.

Inchi 20 na 21

Kaa mbele ya DeWalt DW788 dakika kumi na utaelewa kwa nini wanaoipenda wanaipenda. Ni ya inchi 20, mipigo 400 hadi 1,750, na uzito wake ni karibu kilo 25. Swichi, kirungu cha mwendo na wenzo wa mkazo vyote viko mbele, juu ya mkono, unavifikia bila kuinuka wala kuondoa jicho kwenye ubao. Kibanio kinafunguka kwa vidole. Ndani yake mikono mirefu haipandi na kushuka. Kuna fito zinazosukumwa mbele na nyuma, na sehemu fupi tu za mdomoni ndizo zinazocheza. Ndiyo sababu inatulia.

Excalibur na Pegas za inchi 21 zinafuata mpango huo huo wa fito, na zina jambo la ziada ninalolitamani: ukitaka kukata kwa mshazari, kichwa ndicho kinachoinama na meza inabaki bapa. Kwenye inchi 16 meza ndiyo inayoinama, na ubao unateleza kuelekea chini huku ukijaribu kufuata mstari. Kwa bakuli za kukatwa pete kwa pete kutoka ubao mmoja, kazi ambayo ni mshazari mtupu, tofauti hii ni kubwa. Hegner ya Ujerumani iko kwenye kundi hili pia kwa ubora, ingawa yenyewe inatumia mikono mirefu, iliyotengenezwa kwa umakini kiasi kwamba mtetemo ni mdogo.

Bei sasa. Huko Marekani DW788 huzidi dola 400, na mashine ya kawaida ya inchi 16 kama WEN huwa chini ya dola 200. Ongeza usafiri wa kilo 25, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, na ya inchi 20 inafika Nairobi ikiwa imekuwa kitu kingine kabisa. Sisemi usiinunue. Nasema inunue baada ya mwaka mmoja wa kukata, ukiwa unakaa mezani saa kadhaa kila wiki na unajua kwa nini ile ya inchi 16 inakukwaza.

Stima ndiyo inayoamua mengi

Kenya tunatumia volti 240 na hezi 50, plagi ya pini tatu bapa. Marekani ni volti 120 na hezi 60. Ndugu yako wa Atlanta akikwambia ameona ofa ya WEN na atakuletea Desemba, mshukuru, kisha hesabu. Hiyo ni mashine ya inchi 16, mipigo 400 hadi 1,600, sawasawa na za Ulaya za volti 230, ambazo zinatumika hapa bila transfoma. Utakuwa umebeba mzigo kuvuka bahari ili uje ununue transfoma.

Kwa ya inchi 20 ambayo huwezi kuipata ya volti 230, transfoma ni jambo la kukubalika. DW788 huvuta ampea 1.3 kwa volti 120, yaani wati 156. Transfoma ya wati 500 inaibeba bila kupumua, na unahitaji nafasi hiyo kwa sababu mota inapoanza huvuta zaidi. Kumbuka tu kwamba transfoma inabadilisha volti, haibadilishi hezi. Mota zenye kirekebisha mwendo cha elektroniki kwa kawaida haziathiriki sana. Mota ya zamani ya mwendo mmoja, inayofuata hezi za stima, itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita na itapata joto kuliko ilivyokusudiwa. Kama ni hiyo, iache. Excalibur, Pegas na Hegner huuzwa Ulaya pia. Ukiagiza, agiza ya volti 230 na uisome kwenye kibati kabla ya kulipa.

Tokeni zisikutishe. Wati 120 kwa saa mbili ni uniti 0.24. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni stima kupotea katikati ya mkato. Zima swichi ya mashine hapo hapo, kabla hujatafuta simu ya kumulikia. Mashine nyingine huanza zenyewe stima inaporudi, na vidole vyako vitakuwa pale vilipoachwa.

Ukienda kuiona mashine ya mtumba

Mashine zilizotumika huonekana kwenye mitandao na kwenye vibanda vya vifaa, na nyingine ni nzuri sana kwa sababu mwenyewe aliitumia mara tatu akaiacha. Nenda na bledi mbili tupu mfukoni, namba 5, na sarafu. Muuzaji mmoja wa River Road aliniambia, "Mzee, hii ni ya majuu, huwezi kuikosea." Nilimwomba aichomeke, akaleta waya wa kuongezea, tukaijaribu pale pale kibarazani.

Funga bledi yako mwenyewe. Kama haishiki, umeshajua ulichokuja kujua. Kaza, kisha iguse kwa ukucha kama unajaribu uzi: ilie kwa sauti nyembamba, ya juu. Ikitoa mlio mzito uliolegea hata baada ya kukazwa hadi mwisho, vibanio vimechakaa au wenzo umeisha. Shika mkono wa juu na uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, egemeo limelika, na mkato wako utakuwa na mawimbi. Simamisha sarafu kwa ukingo juu ya meza ya mashine na uiwashe kwa mwendo mdogo, kisha uongeze. Kwenye inchi 16 ambayo haijafungwa bolti, sarafu itaanguka mapema, hilo lisikukatishe tamaa. Sikiliza badala yake. Mngurumo wa kawaida ni sawa. Mgongano wa chuma kwa chuma, kwa kila mpigo, ni fito au egemeo linalolalamika.

Mota isiyopunguza mwendo unapozungusha kirungu, muuzaji asiyetaka kuichomeka, kibati kilichobanduliwa: kwa lolote kati ya haya matatu mimi huaga na kuondoka.

Ningechagua nini

Kama wewe ndiye yule niliyemwandikia, chukua upinde wa mkono mwezi huu na mashine ya inchi 16 ya volti 230 mwezi ujao au baada ya mwaka, mradi ipokee bledi tupu na ifungwe kwa vidole. Anayekata magari ya watoto na maumbo makubwa anaweza kuridhika na ya pini, na ataokoa pesa. Anayetaka bakuli za mshazari au vidirisha vya matundu mamia, na ana uhakika atakaa mezani, asubiri, akusanye, anunue ya inchi 21. Mashine ndogo ningempa kijana wa chuo anayetengeneza modeli za majengo kwa plaiwudi ya milimita 3.

Kiasi kinachobaki kiende kwenye bledi. Huuzwa kwa dazeni. Anza na dazeni mbili za namba 5 na moja ya namba 3, zenye meno machache ya chini yaliyogeuzwa kutazama juu. Bledi hukata inaposhuka, na meno hayo ya kugeuzwa ndiyo yanayozuia plaiwudi kuchanika upande wa chini. Plaiwudi yenyewe ichague kwa kutazama ukingo: ya bei ya chini ina mapengo ndani, na bledi nyembamba ikiangukia kwenye pengo inapinda, na mara nyingine inakatika. Gundi yake pia hula meno. Kwa mazoezi napendelea vipande vya saiprasi na mahogani vinavyobaki kwa wauza mbao wa Gikomba na kwa watengeneza samani wa Ngong Road, ambao wakikuzoea wanakuwekea. Kwa mvule tumia namba 7, shusha mwendo, na bandika selotepu pana ya kufungia maboksi juu ya mchoro, inapunguza kuungua. Vaa barakoa, kwa kuwa vumbi la mvule huwasha ngozi na kifua, na la MDF, ule ubao wa unga wa mbao na gundi, si rafiki pia.

Bledi ikianza kutaka kusukumwa, imeisha. Itoe, hata kama haijakatika.

Na kabla ya kubandika mchoro wowote, chora mistari mitano iliyonyooka kwenye kipande cha kutupa ukaikate. Utaona bledi inavuta upande mmoja. Mashine haina kosa. Bledi nyingi zinapotengenezwa huachwa na ukwaru upande mmoja wa meno, na upande huo hukata zaidi. Dawa yake ni kuulekeza ubao mshazari kidogo, nyuzi chache tu, mpaka mkato ukae kwenye mstari. Mimi nimechora pembe hiyo kwa kalamu ya wino mezani pa mashine yangu, na kila nikifungua dazeni mpya naikagua tena kwa mistari mitano mingine.